Viti Arubaini vya Mfenesi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila ikinijia huiweka randa chini na kutoka nje ya banda kidogo nikapate hewa. Haikuwa siku ya msiba. Hakufa mtu. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, jua limeshapanda kiasi, nami nimesimama kwenye uwanja wa skuli moja ya huku kusini kwetu, mbele ya viti arubaini nilivyoviunda kwa mikono yangu, na watu wanacheka.

Sikusimulii ili unihurumie. Huruma nimeshazoea kuikosa. Nakusimulia kwa kuwa juzi nilikuona pale Mtambile umebeba rula ndefu yenye umbo la T, karatasi umezikunja kwapani, nikajua unakwenda kusomea uchoraji wa ufundi. Hata salamu yangu hukuisikia, ulikuwa na haraka. Nami nilipita njia hiyo hiyo, na haraka hiyo hiyo, kabla hujazaliwa.

Mimi skuli niliishia darasa la sita. Baba alifariki, na ami yangu, Mzee Faki, mdogo wake baba, akanichukua kwenye banda lake la useremala Wambaa. Ami Faki hakujua kuandika hata jina lake, lakini akiutia jicho mlango uliopinda alikwambia umepinda wapi, na nani kaupinda. Kazi yake ilikuwa ya kitu kwa kitu. Ukitaka kitanda, unamletea kitanda cha jirani. Anakipima kwa shibiri na kwa kamba yenye mafundo, jirani anarudishiwa chake siku ile ile, na baada ya wiki mbili na weye una chako. Ndivyo alivyonifunza. Nilipotimiza miaka ishirini na mbili nilikuwa fundi, na nilijijua kuwa ni fundi. Hilo la pili ndilo baya.

Basi kazi zikabadilika. Watu wa maofisini wakawa hawaleti tena kitanda cha jirani, wanaleta karatasi. Karatasi yenye mistari na tarakimu, na wakikupa wanakutazama usoni waone kama utaishika juu chini. Nikasikia Mtambile kuna darasa la kuchora, mara tatu kwa wiki baada ya sala ya alasiri. Nikajiandikisha.

Upweke, mwanangu, si kukaa peke yako msituni. Upweke niliujua ndani ya chumba kile chenye watu kumi na watano. Wenzangu wote walikuwa wamemaliza kidato cha nne. Walikuwa na penseli za namna tatu, nyepesi, ya kati na nzito. Mimi nilikuwa nayo moja, na nikiichonga kwa patasi. Hakuna aliyenifukuza. Walinisalimia vizuri kabisa, "Asalaamu alaykum, fundi," kisha wakakaa wao kwa wao, nami nikakaa nyuma dirishani, na benchi langu siku zote lilikuwa na nafasi ya watu wawili wengine.

Mwalimu wetu alikuwa Maalim Shaame. Ni wa kwanza kati ya ninaowalaumu, na jina lake nalitaja kwa makusudi. Alichotufunza kinaitwa othografiki. Jina linatisha, jambo lenyewe halitishi. Unachukua kitu, tuseme kasha. Unakitazama kutoka mbele, unachora unachokiona mbele tu. Unakitazama kutoka juu, unachora cha juu. Unakitazama kutoka ubavuni, unachora cha ubavuni. Kila sura ni bapa kama chapati, haina uzuri wowote. Lakini mwenye kufunzwa akizikusanya sura hizo kichwani mwake, kasha zima linasimama mbele yake, na anaweza kukata mbao bila ya kuwahi kuliona.

Nililipenda jambo lile. Nilirudi Wambaa nikawa nachora kwa kijiti uwanjani sura tatu za kila kitu: sura tatu za kinu, sura tatu za mbuzi ya kukunia nazi. Dada yangu Mize, mkubwa wangu kwa miaka minne, alikuwa akipita na ndoo kichwani anasimama juu ya mchoro. "Hii mbuzi yako mbona imelala chali?" Namwambia hiyo ni mbuzi kwa mtu aliyeko juu. "Aliyeko juu ni Mungu tu, Makame, na Yeye hakuni nazi." Tulicheka. Nayakumbuka maneno hayo kwa kuwa hatukucheka tena hivyo, mimi na yeye.

Sasa nisikilize hapa vizuri. Miezi miwili ya mwanzo Maalim Shaame alitufunza njia moja tu ya kuzipanga zile sura karatasini: unaiweka sura upande ule ule uliosimama kutazama. Ukitazama kutoka kulia, sura inakaa kulia. Akili inakubali. Halafu siku moja, bila ya utangulizi, akasema ipo njia nyingine, ambayo ukitazama kutoka kulia sura unaiweka kushoto. Hii inaitwa pembe ya kwanza, ile tuliyozoea inaitwa pembe ya tatu. Na chini ya kila karatasi pana kialama kidogo, mfano wa kikombe kilicholazwa ubavu na duara mbili kando yake, kinachokwambia mchoraji kafuata njia ipi. Akaandika maneno ya Kiingereza ubaoni, vichwa vyote vikainama vinanakili.

Nikanyoosha mkono. Nikasema, Maalim, sijafahamu, kwa nini nitazame kutoka huku kisha nikachore kule?

Maalim Shaame hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alitabasamu, akawatazama wenzangu kwanza, ndipo akanitazama mimi.

"Makame, weye nakili tu. Hili la kufahamu waachie waliosoma."

Chumba kizima kikacheka, cheko la adabu, la kuziba mdomo. Nikanakili. Nilinakili kile kikombe na duara zake vizuri kuliko wote, mkono wangu ulikuwa hodari. Na sikuuliza tena neno mpaka darasa likamalizika. Wahenga wamesema kuuliza si ujinga. Kweli, lakini wahenga hawakukaa benchi la nyuma la Maalim Shaame.

Haukupita muda, kamati ya skuli ikataka viti vya namna mpya. Kwetu watoto tulikaa watatu watatu kwenye dawati moja, au chini. Hivi vilikuwa viti vya mtu mmoja mmoja, kila kimoja kina ubao wa kuandikia uliofungwa ubavuni, kama mkono wa kiti uliopanuliwa. Huku kwetu hakuna aliyewahi kuviona. Mchoro uliletwa kutoka ofisini, na kwa heshima ya jina la Ami Faki, na kwa kuwa mimi nimekwenda darasa la kuchora, kazi nikapewa mimi.

Mbao ndiyo habari nyingine, na hii ndiyo inayonitoa nje ya banda. Marehemu baba alituachia mifenesi mitatu nyuma ya nyumba. Kwa fungu la sharia, miwili yangu, mmoja wa Mize. Mfenesi una mbao nzuri, za manjano kama binzari, hazina hasira kwa randa. Miwili yangu isingetosha viti arubaini. Sikumwomba dada yangu wake, wallahi sikumwomba. Yeye mwenyewe alinijia wapasuaji wakiwa wamefika, akasema kata na wangu. Nikamwambia Mize, mfenesi wako ndio unaokupa cha kuuza gengeni. Akasema baba hakuacha msikiti wala kisima. Watoto wakikaa juu ya miti yake wakasoma, kila herufi itakuwa sadaka yake yenye kuendelea, na yeye anataka na fungu lake limo.

Kwa hiyo ufahamu, mwanangu, kilichokuwa mikononi mwangu si samani. Ni sadaka ya baba yangu, na fungu la dada yangu ndani yake.

Karatasi ilikuwa na sura mbili tu. Sura kubwa ilikionesha kiti kwa ubavu, kinatazama kulia kwako. Sura ya pili ilikaa kulia kwa hiyo ya kwanza, yaani mbele ya uso wa kiti. Mimi nikasema moyoni, sura imekaa mbele ya kiti, basi mchoraji alisimama mbele ya kiti. Na katika sura hiyo ubao wa kuandikia uko upande wa kulia. Ukikitazama kiti kutoka mbele, kulia kwako ni kushoto kwa aliyekaa. Basi ubao unakaa kushoto. Kialama cha kikombe kilikuwepo pale chini, nilikiona, nikakipita kama mtu anayempita jamaa aliyekosana naye.

Ami Faki alikuja bandani asubuhi nilipoanza kupasua. Akashika karatasi, akaigeuzageuza. Akaniuliza hivi kwani hiki kiti kinatumikaje? Nikamwambia mtu anakaa, anaweka daftari juu ya ubao. Akasema basi unda kimoja, ukipeleke kwa mwenyewe akikalie, arubaini vitafuata. Hivyo ndivyo alivyofanya maisha yake yote: cha kwanza hukaliwa na mwenye kazi kabla cha pili hakijakatwa. Nikamjibu, na jibu hili nalisikia mpaka leo kwa sauti yangu mwenyewe ya ujana.

"Ami, hiyo ni kazi ya zamani. Karatasi ishasema kila kitu."

Aliiweka karatasi juu ya benchi, akailaza vizuri, akaenda zake. Nami nikakata vipande vya viti vyote arubaini kwa mkupuo mmoja, miguu yote, mbao zote, kwa kiolezo kimoja, kwa fahari.

Utaniuliza, weye Makame hukukaa hata kwenye kimoja? Nilikaa. Nilikaa nikanyoosha miguu, nikasikiliza kama kinalia. Hakikulia. Lakini sikushika kalamu. Mtu wa darasa la sita bandani kwake anaandika nini?

Aliyeshika kalamu ni mwengine. Huyu ni wa pili wangu, Mbarouk, kijana niliyesoma naye Mtambile, mtoto wa watu wenye nafasi, mchoraji msafi kweli. Alinitembelea kiti cha kwanza kimesimama na vingine bado vipande, gundi haijashika. Akasema yakhe, nione. Akakaa. Akatoa kalamu mfukoni mwa shati, mkono wake wa kulia ukaenda mbele, ukasimama hewani. Nilimwona. Akautazama ubao ulioko kushoto kwake, akaitazama karatasi ukutani, akatazama pale chini penye kialama. Kisha akairudisha kalamu mfukoni.

"Fundi kweli weye," akasema. Akaomba maji, akanywa, akaondoka.

Mwanangu, nimeishi miaka mingi nikijaribu kumtengenezea udhuru mtu yule. Pengine hakuwa na hakika. Pengine aliona haya kunisahihisha kwangu. Lakini skuli zilizofuata kutaka viti zilimwendea yeye, na aliviunda sawasawa, na hajawahi kuniambia neno. Basi udhuru nimechoka kuutafuta.

Viti tulivipeleka kwa gari za ng'ombe, safari nne. Nilivipanga uwanjani safu tano za vinane, manjano matupu, unaweza kudhani jua limeshuka likakaa. Mize alikuja na kanga mpya, akasimama na wanawake wengine chini ya ukuta. Mwalimu mkuu akashukuru, akasema yeye atakuwa wa kwanza kukaa. Akakaa, akatoa kalamu yake, akanyoosha mkono wa kulia, mkono ukaanguka pembeni mwa paja kama wa mtu aliyekosa kitasa gizani. Akajaribu tena. Akahamia kiti kingine. Akahamia cha tatu.

Kwetu unajua ilivyo. Mtoto akishika kalamu kwa kushoto hupigwa mkono mpaka aiachie. Mkono ule una kazi zake na wala hazitajwi. Nami nilikuwa nimeileta hapo skuli nzima ya mkono wa kushoto.

Wa kwanza kusema ni Mzee Hamad wa kamati, na huyu ni wa tatu wangu, mtu wa maskhara na mwenye kuijua dini yake.

"Makame, watu wa Motoni watapewa vitabu vyao kwa mkono wa kushoto siku ya Kiyama. Weye umeshawawekea na viti?"

Hapo ndipo walipocheka. Walimu walicheka, wanawake walicheka chini ya ukuta, mwenye ng'ombe alicheka kwa sababu wengine wamecheka. Na mtu mmoja, sikumjua ni nani, akasema kwa kuinogesha, "Fundi Shimali huyo." Shimali ndio kushoto, kila mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Jina likanikaa siku ile ile. Nilimtafuta Mize kwa macho. Alikuwa hacheki. Alikuwa anavitazama viti kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta cha kwake.

Ami Faki alifika watu wameanza kutawanyika. Hakuniuliza imekuwaje. Aliitaka karatasi, akavizunguka viti, akaja kusimama karibu yangu.

"Aliyechora alisimama wapi?"

Nikakitazama kile kikombe na duara zake, na ndipo kikaniingia. Nikamwambia nyuma ya kiti. Mimi nilidhani mbele.

"Na hukumuuliza mtu."

"Niliuliza, Ami. Mara moja. Wakanicheka."

"Mara moja," akasema. Akaikunja karatasi taratibu. "Mimi nilikuwa nikimuuliza fundi wangu namna ya kuning'iniza mlango mpaka akanirushia tezo. Nikaiokota tezo, nikamrudishia, nikamuuliza tena." Akanipa karatasi. "Kosa moja haliachi mke. Tutaubandua huu mguu mrefu uliobeba ubao, tutaupeleka upande wa pili, ubao tutaupindua. Kiti kimoja kwa siku, miezi miwili hatujafika. Kesho asubuhi uje banda."

Hiyo ndiyo nasaha yote, mwanangu. Ilitolewa uwanjani, mbele ya ng'ombe, na mtu asiyejua kusoma. Dawa ilikuwepo. Kazi ya siku arubaini. Kasoro ile haikuwa kubwa kuliko hivyo.

Kesho yake asubuhi sikwenda. Nilikuwa kwenye gari ya kwenda Wete, na kutoka Wete nikavuka maji mpaka kisiwa cha Fundo, kwa kuwa Fundo hakuna aliyenijua. Niliona siwezi kubandua miguu ya viti huku watu wanapita njiani wakiuliza Fundi Shimali hajambo. Wamesema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na kweli sikuzaa kitu.

Nilikaa Fundo miaka tisa. Watu wa kule ni wema, usije ukanisikia nikiwasema. Niliwatengenezea vitanda na milango, kitu kwa kitu, sikugusa karatasi. Lakini mtu aliyekimbia hata wema unamuwasha. Mwezi wa Ramadhani walinitaka nifuturu nao barazani, nami nikasema nina wageni ndani. Nilikuwa sina. Nilifuturu na mlango nimeufunga, tende tatu na uji, nikisikia wenzangu wanacheka nje, na mtu akiniita "fundi" nilishituka, nikingoja amalizie jina.

Huko ndiko nilikofahamu lile nililomuuliza Maalim Shaame, mwaka wa nne au wa tano. Asubuhi jua lilikuwa likiingia kwa mlangoni, kikombe changu cha kahawa kiko juu ya kigoda, na kivuli chake kimeangukia ukuta wa pili. Nikaona. Jua linakitazama kikombe kutoka huku, sura yake inaangukia kule. Ndiyo pembe ya kwanza hiyo, mchoro wa kivuli. Na ile ya tatu ni mchoro wa kioo cha dirisha: kioo kiko baina yako na kitu, unachora juu ya kioo, upande wako uliosimama. Kivuli na kioo, basi. Maneno mawili. Maalim Shaame yangemgharimu pumzi moja. Niliinuka nikatoka mpaka mlangoni, nimejaa furaha kama mtoto, nataka kumwambia mtu. Wapita njia walikuwepo. Wa kuambiwa hilo hakuwepo. Nikarudi ndani, nikainywa kahawa.

Habari ya kufa Ami Faki niliipata kwa mtu aliyekuja kununua samaki. Alisema kama anayesema habari ya mvua, yule mzee fundi wa Wambaa kazikwa juzi. Nikavuka siku hiyo hiyo. Mize alinifungulia mlango. Alikuwa ameanza mvi. Akasema karibu, akanitandikia mkeka, kama anavyotandikiwa mtu wa mbali, na akanisimulia akiwa amesimama.

Ami alikwenda banda asubuhi ile aliyoniita. Alingoja mpaka adhuhuri. Alingoja siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne alikwenda skuli peke yake, akaomba viti vichache virudishwe, akaanza mwenyewe. Macho yalikuwa yameshaanza kufifia na mkono unatetemeka, kwa hiyo Mize akawa anamshikia mbao. Kiti kimoja kilimchukua mwezi, kingine miwili. Alivigeuza saba. Vilivyobaki vilikaa ugani, vikanyeshewa, mchwa wakavipanda, na mwaka mmoja wakati wa maulidi wapishi wakaishiwa kuni, wakauliza hivi vya Shimali vina kazi gani? Vikapikiwa pilau. Saba vipo darasani mpaka leo. Nimewahi kupita dirishani nikaona watoto wamevikalia.

Alipokwisha kunisimulia, Mize aliniuliza jambo moja, na hajaniuliza jengine tangu hapo.

"Vile saba, Makame, vimetokana na mfenesi wangu au na ya kwako?"

Nilikata vipande vyote kwa mkupuo, nikavichanganya rundo moja. Hajui kama sadaka yake ilimfikia baba au iliivisha nyama ya pilau, na mwenye kumjulisha ni mimi, nami sijui.

Yupo hai, alhamdulillahi. Nyumba yetu ni moja, milango miwili. Mchana ananiletea chakula kimefunikwa kawa, anakiweka kizingitini. "Makame, chakula." Anaondoka. Sijawahi kulala na njaa. Na sijawahi kula naye.

Shehe mmoja aliniambia nikiwataja hawa watu nasema ghiba, nawasengenya, ninyamaze. Nimemsikia, ila sijanyamaza. Maalim Shaame alikuwa na elimu akaninyima, kwa sababu niliishia darasa la sita. Mbarouk aliliona kosa bichi, gundi haijashika, akaomba maji. Mzee Hamad alizua cheko lililonipa jina la kufa nalo, kwa utamu wa mdomo wa dakika moja. Kila mmoja namdai mbele ya Mungu, na sijui kama nimewasamehe. Siku nyengine nahisi nimesamehe, asubuhi nikiamka naona bado. Lakini mwanangu, hao watatu wote kwa pamoja waliniharibia siku arubaini. Hii miaka mingine niliiharibu mwenyewe, kwa asubuhi moja ya kutokwenda. Wa nne katika orodha yangu anaitwa Makame, na huyo ndiye ninayeishi naye.

Basi shika haya. Ukikaa darasani ukawa hukufahamu, uliza. Ukichekwa, ngoja wamalize kucheka, kisha uliza tena kwa maneno yale yale. Cheko halina miguu, litachoka kabla yako. Ukipewa karatasi usitazame mistari tu, mtafute aliyeichora na ujue amesimama wapi, maana kitu ni kimoja lakini mwenye mbele na mwenye nyuma hawakioni sawa. Mkubwa wako asiyesoma akikuuliza swali jepesi mbele ya kazi yako, iweke chini kalamu umjibu, pengine ndilo swali lenyewe. Ukimwona mwenzio anakosea mwambie, hata kama kazi ile uliitaka weye. Na mali ya watu wawili usiikate ukaichanganya kabla hujajua kila kipande ni cha nani. Juu ya yote, ukishaharibu, simama pale pale. Aibu kali ni ya siku ya kwanza. Siku ya pili watu wana shida zao, na siku ya tatu kuna anayekupitishia chai. Mimi sikuijua siku ya pili. Niliikimbia.

Mwenyezi Mungu akufungulie fahamu zako, aulainishe moyo wa mwalimu wako, akupe mkono wenye utulivu na ulimi usioona haya. Akuepushe na mwenzio anayekusifu huku anakuona unapotea. Awaweke hai wakubwa zako mpaka uwarudishie walichokutolea, na ukila, ule na watu. Amin. Haya, nenda, usije ukachelewa, na ukae mbele.